Ngozi Tulizozitia Chumvi, Baba

Mpendwa Baba,

Nakuandikia jambo ambalo ungenikataza: leo nimeifunga stoo yetu ya ngozi hapa Kyuso.

Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii. Siku za soko tuliwafikia wachinjaji mapema, ukiwaomba wachune mbuzi kwa ngumi, maana tundu moja la kisu hushusha daraja la ngozi. Walikucheka, wakakuita profesa wa mbuzi. Lakini uliwalipa vizuri kuliko mtu yeyote, na kicheko kikaisha. Kazi yangu ilikuwa kutia chumvi na kuanika kivulini. Nilinuka hadi darasani nikakaa peke yangu, ila karo yangu ilitoka humo humo.

Kisha serikali ikapandisha ushuru wa ngozi mbichi zinazokwenda ng'ambo. Ulifurahi sana. Ulisema sasa viwanda vitajengwa huku kwetu, tuvae viatu vya mbuzi wetu wenyewe. Wanunuzi wa Mombasa wakaacha kuja. Viwanda vichache vya hapa nchini vikajua hatuna pengine pa kuuza, vikataja bei viliyotaka. Nilikuambia tuuze hivyo hivyo. Uliniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nimebeba jina la nyanya, mama yako.

"Tia chumvi, mwaitu. Serikali haiwezi kututupa."

Tukatia chumvi mpaka stoo ikajaa, na wadudu wakawatangulia wanunuzi. Bado najiuliza kosa lilikuwa la nani: lako uliyeamini, au langu niliyejua nikakutii.

Ulipotuacha niliendelea peke yangu, kwa ukaidi tu. Juzi nilipita kwa Mutua, yule mchinjaji uliyemfundisha wa kwanza. Ngozi zake zilikuwa shimoni, zimekatwakatwa ovyo. Nikamuuliza kulikoni.

"Nichune vizuri nimpee nani, dada?" akasema, bila ubaya. "Hata mbwa wamezikataa."

Wanasema sera itabadilishwa. Huenda. Mimi nimechoka kungoja matangazo ya redio.

Stoo ameichukua mfanyabiashara wa ndengu. Nilidhani ningelia nikimpa ufunguo. Sikulia, Baba. Nilihisi nafuu, kama mtu aliyetua mtungi, na nafuu hiyo ndiyo inayoniuma. Nisamehe ukiweza. Usipoweza pia, sirudi kwenye ngozi.

Lala salama.

Binti yako wa mwisho