Waya wa Ethi Usiuache

Mjukuu wangu Neema,

Huku Rujewa tu wazima. Mpunga umeanza kuinama, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza kama ukubali kuuacha waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye gari, unapofunga soketi ya tela, kwa sababu fundi mkuu wako hapo Iringa anasema chuma kwa chuma kinatosha.

Na mimi niliambiwa hivyo hivyo nikiwa binti, nikivuta tela la mpunga kwa pikapu ya baba. Nikakubali. Karibu na Igawa basi likanikaribia kwa nyuma, na mbele nikaona lori linakuja. Nikawasha indiketa ya kulia, kama tunavyofanya barabara hii, kumwambia wa nyuma asipite. Lakini pale tela linaposhikana na gari palijaa grisi na kutu. Umeme ukakosa njia ya kurudi, taa zote mbili zikamulika hafifu, na dereva wa basi akaiona ya kushoto. Kushoto maana yake pita. Akapita. Tulipona kwa sababu lori lilikimbilia porini.

Siku ileile nilijifunga kitenge, nikaingia chini ya tela na kuvuta waya wa ethi mwenyewe. Mafundi wakacheka. Nikawaambia, "Chekeni, ila usukani nashika mimi."

Usiuache, Neema. Akikufukuza, njoo. Soketi yangu imechakaa, na chini ya tela hili hakuna fundi mkuu.

Bibi yako