Sarafu za Mtoto Hazirithiwi

Kasulo, Ngara
19 Januari 1997

Kwa dada yangu mpendwa Domisiana,

Shikamoo dada. Kwanza kabisa nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote hapo Kaniha, nikiwa na imani kwamba barua hii itawakuta wazima. Vipi ule mguu wako uliokuwa unavimba, umepata nafuu? Na maharage, mvua imewaachia chochote? Ukitaka kujua hali zetu, tunalima, tunapika, jioni tunafunga mlango. Ningeandika kwamba sisi ni wazima wa afya kama watu wote wanavyoandika, lakini wewe umenibeba mgongoni, siwezi kukudanganya. Mwili haujambo. Moyo ndio mgonjwa.

Salamu zako nilizipata kwa Luhende, yule mnunuzi wa maharage, na ndiye nitakayempa barua hii akirudi huko. Alisema umeuliza mambo mawili: kama nimeanza kula, na zile sarafu za marehemu tulizifanyia nini. Kula, nakula. Hilo la pili ndilo limenifanya ninunue karatasi. Nakumbuka ulivyoniambia ulipokuwa unaondoka baada ya mazishi, kwamba vitu vya aliyekufa visikae ndani, nikavitupe mtoni Ruvuvu na nisigeuke nyuma. Sikuvitupa, dada. Nakuomba usome hadi mwisho ndipo ukasirike.

Unajua jinsi Tomasi alivyozianza. Wakimbizi walipovuka daraja la Rusumo ule mwaka wa tisini na nne, walikuja na faranga ambazo hakuna muuza chumvi aliyezitaka hapa. Watu wazima waliziona takataka. Mwanangu akaona mali. Akawa anatoa mapera yangu, ndizi zangu mbivu, hata gololi zake, anapewa sarafu moja moja. Faranga ya Rwanda yenye tawi la kahawa, ya Burundi, makuta ya Zaire, na ile hela ya Mjerumani yenye tundu ambayo babu yake aliiokota akichimba shimo la mgomba. Alizisugua kwa majivu na ndimu mpaka baba yake akalalamika kwamba nyumba inanuka kama kiwanda cha sabuni. Mchana, tukishakula, alikuwa anazipanga juu ya mkeka na kunieleza kila moja imetoka kwa nani: hii ya fundi mwavuli, hii ya mama aliyependa mapera mabichi, hii ya babu mwenye baiskeli isiyo na breki. Mimi nilikuwa namwambia aniache nioshe vyombo. Lakini nilisikia, na yote nimeyashika.

Homa ile iliyomchukua mwezi wa kumi sitaisimulia tena, ulikuwepo. Mungu alitupa mmoja, akamchukua huyohuyo, akaniachia kopo la Kimbo limejaa vyuma.

Sasa, siku ya kuanua matanga ukoo wa mume wangu Matiasi ulikaa kama kawaida yao kugawa vitu vya marehemu. Angekuwa mtu mzima, mambo yangekuwa mepesi: jembe kwa huyu, koti kwa yule, shamba kwa mrithi, watu wanakunywa pombe ya ndizi na kwenda zao. Lakini hakuna aliyejua afanye nini na mali ya mtoto. Baba mdogo wa Matiasi aliwaza sana, kisha akasema mtoto harithiwi, kwa sababu hajaacha mtu nyuma yake. Nguo zinaweza kwenda kwa binamu zake, akasema, lakini lile kopo mtoto alilitafuta mwenyewe kwa jasho lake, na mali ya mtu aliyeitafuta kwa jasho lake haichukuliwi hivihivi. Nilitaka kumuuliza ni jasho gani hilo wakati mapera yalikuwa yangu. Nikanyamaza, maana ningecheka, na kicheko changu siku hizo kilikuwa kinageuka kilio katikati.

Basi kila mtu akawa na lake. Katekista alisema ziwekwe kwenye kapu la sadaka, halafu akakumbuka kwamba Paroko hawezi kununua mishumaa kwa makuta ya Zaire. Mzungu mmoja wa shirika la wakimbizi alipata habari za sarafu hizo, akamtuma mkalimani aulize kama tunauza zote kwa pamoja. Shemeji yangu mdogo macho yalimtoka, akaanza kusema habari za mabati. Nilimjibu mkalimani kwamba mtoto wangu hakuwa na duka. Matiasi, alipoulizwa kama baba, alisema hataki kuliona hilo kopo wala kulisikia, wafanye watakavyo, kisha akatoka nje akaenda kusimama kwenye migomba.

Hapo ndipo mama mkwe alipochukua usukani. Unamfahamu yule bibi, hata mvua ikinyesha atauliza nani kairuhusu. Alikuwa amesikia kambini kwamba noti walizokuja nazo wakimbizi zimebatilishwa huko kwao, zikachapishwa nyingine. Kwake yeye, noti ikifa na sarafu imekufa. Na pesa iliyokufa, akasema, ni ya aliyekufa. Akaamua kopo lizikwe pembeni ya kaburi, mjukuu wake asije akarudi kulitafuta akatusumbua. Wazee wakafurahi kupata jibu, wakapanga iwe mara baada ya Mwaka Mpya. Nikawaambia mimi mwanangu nimeshamzika, siwezi kumzika mara mbili. Waliniambia huo ni uchungu unaosema, na uchungu hauna kura kwenye kikao.

Dada, wewe mwenyewe uliona mwezi wa kumi na mbili ulivyokuwa. Serikali ilipotangaza kwamba wakimbizi warudi kwao kabla mwaka haujaisha, wengine walikimbilia kwanza huko kwenu, halafu wakageuzwa. Barabara yetu ikajaa watu wanaotembea kuelekea Rusumo, na mvua juu yao, magodoro kichwani, watoto wamefungwa kamba kiunoni wasipotee. Akimana alipita kuniaga. Ni yule mjane aliyekuwa anakuja kulima kibarua kwangu, mama wa Ishimwe, yule mtoto rafiki wa Tomasi, aliyefariki kwa kuhara mwaka ule wa kwanza wa kambi. Alikuwa na kifurushi kidogo cha nguo na sufuria. Nilimpa ndizi za njiani. Hakuondoka. Alisimama pale mlangoni, mwisho akaniomba kwa aibu sana nimwonyeshe kopo.

Nikamwaga sarafu kwenye ungo. Hakuzipekua. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye faranga moja iliyotobolewa kwa msumari, tundu limekaa upande. Alisema Ishimwe aliitoboa ili aivae shingoni, wakati wakiwa bado nyumbani kwao, halafu akampa Tomasi kwa sababu Tomasi alimfundisha kuogelea. Akasema kaburi la mwanawe linabaki hapa kambini Benaco, katikati ya makaburi yasiyo na msalaba, na yeye anarudi hana hata kifungo cha shati lake. Aliniuliza kama anaweza kuondoka na hiyo moja. Alikuwa ananiomba kitu cha mtoto wake mwenyewe, dada, na alikuwa ameinamisha kichwa kama mwizi! Niliifunga mwenyewe kwenye pindo la kitenge chake. Tulilia pale mlangoni mpaka wenzake wakamwita. Alipokuwa anaondoka ndipo akaniambia kwamba sarafu hazikubatilishwa, ni noti tu, na kule mtu anaweza kununua chumvi kwa zile nilizonazo.

Alipokwisha kwenda nilikaa na ule ungo mapajani. Mama mkwe alikuwa shambani na Matiasi alikuwa amekwenda kusaga. Nikawaza, hizi zote zina wenyewe, na wenyewe wanapita hapo nje sasa hivi, na kesho watakuwa wameisha. Nilichukua kopo nikaenda barabarani.

Usifikiri niliwapata wengi. Fundi mwavuli nilimwona, nikamkimbilia, akaitambua yake akacheka, kisha akauliza yuko wapi yule mtoto msumbufu. Nikamwambia. Akavua kofia katikati ya mvua. Yule mama wa mapera mabichi sikumwona, wala babu wa baiskeli, na Mungu ndiye anajua waliko. Basi nikaanza kuwapa wanawake wenye watoto, faranga za Rwanda nikiwaambia ni za chumvi, nyingine ni za watoto kuchezea. Wengine waliogopa, wakadhani mimi ni mwendawazimu. Wengine walinishika mikono yote miwili wakaniita mama. Kuna kabinti kalikuwa kanalia, hakataki kutembea tena, nikakapa ile hela ya Mjerumani kwa sababu ya tundu lake, mama yake akaitia uzi, kakanyamaza. Kila niliyempa nilimtajia jina la Tomasi. Sijui kama walinielewa. Askari mmoja alikuja kuniuliza ninauza nini, nikamwambia siuzi. Niliendelea hadi mkono wangu ukagusa chini ya kopo.

Sasa naomba ukae vizuri, maana hili hakuna anayelijua isipokuwa mimi, na mwingine mmoja nitakayekutajia. Kopo lililozikwa baada ya Mwaka Mpya lilikuwa na vizibo vya soda. Niliviokota nyuma ya duka, nikavijaza hadi juu, nikafunga mfuniko kwa kitambaa nikakaza mafundo. Siku yenyewe walikuja wote, mama mkwe ameshika rozari, baba mdogo amevaa lile koti lake la misiba. Mama mkwe alilitikisa likalia, akaridhika. Matiasi ndiye aliyechimba. Aliponyoosha mikono kulipokea kutoka kwangu, niliona mikono yake ikipanda juu, kwa sababu alikuwa amejiandaa kupokea uzito. Aliniangalia. Dada, nilikufa pale nilipo. Neno lake moja tu lingetosha, wangelifungua, na ningekuwa mke aliyewagawia wapita njia mali ya marehemu. Matiasi aliinama, akaliweka shimoni kwa mikono miwili, polepole, kisha akamwambia mama yake kwamba ni zito sana.

Tulipobaki wawili hakuniuliza zimekwenda wapi. Aliniuliza tu kama waliozipokea walikuwa na watoto. Nikamjibu ndiyo, wengi wao. Akasema basi ni vizuri, akaanza kulia, naye hakuwa amelia tangu mazishi. Tangu siku hiyo tunaongea tena mezani.

Ningependa kuishia hapo, ili useme mdogo wako amepata amani. Sijapata. Kule barabarani nilikuwa kama mtu anayepanda mbegu mvua inakaribia, sikufikiri lolote. Nilitoa zote, dada. Sikujibakizia hata moja. Akimana ana yake, mama wa yule binti ana yake, na mimi niliyemzaa, mkononi sina kitu alichokisugua kwa majivu na ndimu. Mchana, nikishaosha vyombo, natandika ule mkeka, nakaa, halafu naukunja.

Ndiyo maana nakuandikia. Pasaka iliyopita, alipokuja huko kwenu likizo, alirudi akaniambia kwamba amemwachia mama mkubwa sarafu moja, kwa vile ulimkaangia maandazi peke yake wenzake wakiwa wamelala. Hakunieleza ni ipi. Najua unavyoamini kuhusu vitu vya waliotutoka, na sikulaumu, kila mtu ana namna yake ya kuogopa. Lakini kama bado unayo, hata kama ilidondoka chini ya kitanda, hata kama watoto wameichezea ikapinda, mpe Luhende aniletee. Na kama ulishaitupa, dada yangu, nakuomba usiniambie. Niandikie tu kwamba ipo, unanitunzia.

Matiasi anawasalimu wote. Mama mkwe naye anakusalimu, na anasema mguu uukande kwa maji ya chumvi. Nifikishie salamu kwa shemeji, kwa watoto mmoja mmoja, na kwa majirani wote waliokuja kutuzikia. Mungu awalinde huko Kaniha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Adelfina, Mama Tomasi