Gundi Niliyoipaka Mfupani

Chumba cha Mifupa,
Makumbusho.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi saba. Sina udhuru ila uchovu, nami sipendi kuandika ovyo. U hali gani? Goti lako limepata nafuu? Mimi ni mzima, ingawa mgongo umegoma na vidole havishiki tena brashi kama zamani.

Nakuletea habari za binti yako kabla hujazisikia kwa mwingine. Unajua alivyohangaika miaka minne katika maabara ya ghorofani, akisaga punje za mfupa wa paja la dinosaria wetu. Mwezi wa Machi alipata humo mabaki ya kolajeni, ile protini inayoushika mfupa wa kiumbe hai. Kitu laini namna hiyo, kudumu ndani ya jiwe mamilioni ya miaka. Wakubwa wake walimpongeza, na makala yake ikawa tayari kupelekwa kwenye jarida.

Niliposikia, niliingiwa na hofu. Paja lile nililisafisha mimi, miaka ishirini na sita iliyopita. Lilianza kupasuka, gundi ya dukani imekwisha, nami nikachemsha ngozi ya ng'ombe hadi ikawa uji, nikaupaka ufa kwa ufa. Gundi hiyo ni kolajeni tupu. Na katika daftari la kazi sikuandika neno. Mimi, ninayewagombeza watu kwa nukta iliyosahaulika.

Nilikaa nalo siku tatu, kisha nikapanda ngazi nikamweleza. Akavua miwani.

"Kwa hiyo, Mjomba, miaka minne yote nimemgundua ng'ombe?"

Tulicheka kidogo, halafu akalia. Makala ameirudisha kabatini mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha.

Limebaki paja la pili, ambalo bado limo katika ganda la plasta lililofungwa siku lilipochimbuliwa. Brashi yangu haijaligusa. Anaomba ruhusa alikate kwa msumeno, apime upya. Bodi ya makumbusho inasita, kwa kuwa ni la mwisho. Nimewaandikia kumuunga mkono, na kosa langu nimelieleza lote. Huenda wakanistaafisha. Sawa, nimechoka. Mradi yeye asiponzwe na gundi yangu.

Usimpigie simu kumpa pole. Mwulize tu amekula nini.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu umwambie miwani yake ninayo. Mungu awatunze nyote.

Bodi inakaa Alhamisi. Wakubali, wakatae, nitakuandikia siku hiyo hiyo, bila kuacha neno.

Akupendaye tangu ukiwa mgongoni,
Kaka yako mkubwa