Vilele Vitatu Kando ya Maji

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, mvua haishuki, na mimi nimekasirika.

Hapa plotini, kwenye nyumba za kupanga mtaani Kawangware 46, mifereji imekauka wiki nzima. Kazini maabarani nako nashinda nikiyafukuza maji. Protini ninayoichunguza hukaa ndani ya maji, kwa hiyo nikiiweka kwenye mashine ya sumaku, maji ndiyo yanayopiga kelele. Kwenye grafu yanasimama kama mlima katikati, na protini inabaki vilele vidogo vidogo. Lazima kompyuta iukate ule mlima. Nilipomweleza jirani yangu Mama Brayo, alicheka. "Kumbe huko mnatoa maji? Si ubebe hata jerikeni moja, huku tumekauka."

Sikucheka sana.

Kando kabisa ya mlima huo niliona vilele vitatu. Msimamizi wangu akasema ni mabaki ya maji. Nikaipasha sampuli joto kidogo, kwa sababu joto likipanda mlima wa maji huhama, lakini vilele vya protini hubaki karibu palepale. Mlima ulihama. Vyangu vitatu havikusogea. Nilifurahi hadi nikakaa chini. Naamini hapo ndipo dawa tunayoijaribu inapojishika kwenye protini, na sura yote ya tatu ya tasnifu yangu inasimama juu ya vilele hivyo.

Leo mchana, akijiandaa kwa wasilisho la kesho mbele ya wageni, msimamizi amepanua sehemu inayokatwa ili picha ipendeze. Maji yameondoka. Vilele vyangu vimeondoka nayo.

"Sasa hapa ni clean," akaniambia. "Hiyo chapter three tuiache tu, sawa?"

Nikamwonyesha grafu za joto. Hakuzitazama, alikuwa anachagua rangi za slaidi. Angebisha, ningejua la kumjibu. Badala yake nilisema "sawa, Daktari" nikatoka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jioni nimemtumia tena grafu zote mbili, nikamwomba aweke hata moja. Amejibu: "Jina lako nimeliweka kwenye slaidi. Relax."

Yaani jina langu litakaa chini ya picha inayosema sikuona kitu.

Kesho nitaketi mstari wa mbele. Akifika kwenye picha hiyo nitainua mkono, niulize vilele vitatu vimekwenda wapi.