Nilisema Waziri Ndiye Aliyemwingiza Jeshini

Bi Shifa mwanangu,

Mimi si mwanamke wa kuomba msaada, shule niliishia darasa la tatu na nimelea watoto wa watu pale Ganjoni miaka kumi na tisa bila kumpigia mtu magoti, lakini sasa sina pa kwenda, ndiyo maana nimeandikia safu yako ya ushauri gazetini; nisome mpaka mwisho na usinijibu kwa kunibembeleza.

Mmoja wa watoto niliowabeba mgongoni ndiye Waziri wa Ulinzi wa sasa. Alikuwa akilia meli ikipiga honi bandarini Mbaraki, leo majenerali wampigia saluti, naye hajashika bunduki hata siku moja, ni mtu wa suti tu. Alipoapishwa nilizunguka mtaa mzima nikisema huyo ni mwanangu, ndipo mjukuu wangu Elvis, aliyekuwa amerudishwa mara mbili na wale wa kuandikisha askari, akaniomba nikamsemee. Nikajifunga leso mpya ya Biashara Street, nikamngojea barabarani siku aliyokuja kutembelea wanamaji, na gari lake likanipita kioo kimefungwa, hata sijui kama aliniona. Nikarudi nyumbani wote wananitazama, binti yangu Dama, mamake Elvis, majirani, nikasema nimezungumza naye na mambo yamekwisha.

Mwezi uo huo Elvis akakimbia na wenzake uwanjani, akapimwa, akachukuliwa. Kwa miguu yake mwenyewe. Nami nikanyamaza nikala sifa.

Huko kambini wenzake wakawa wanamwita mtoto wa waziri. Akanipigia simu: "Hawe, bibi yangu, wakitaka watu wa kwenda ng'ambo ya mpaka nitajitokeza wa kwanza, wajue mimi ni askari, si mzigo wa kupitishwa." Hapo nilipaswa kusema kweli. Nikamwambia ale vizuri. Akajitokeza, na juzi ameletwa ndani ya sanduku lenye bendera.

Dama haniamkii tena, neno alilonitolea ni moja tu: "Ulimwomba waziri amchukue, sasa mwombe amrudishe." Jumamosi twazika, na kwenye ratiba wameandika kwamba mimi ndiye nitakayempokea waziri, mtu ambaye hata jina langu halikumbuki. Nikisema kweli nitaitwa mwongo mbele ya ukoo mzima, nikinyamaza Dama atanichukia mpaka nife. Afadhali nami niingie kaburi lilo hilo. Majina yabadilishe.

Kadzo, Mbaraki

Mama Kadzo,

Pole. Umekataa kubembelezwa, basi sikubembelezi.

Waziri wa Ulinzi hachagui makurutu. Ni raia kama wewe, amewekwa juu ya wenye bunduki ili wananchi wawe na mtu wa kumuuliza kwa nini vijana wetu wako huko, wamepewa vifaa gani, watarudi lini. Kazi yake ni kujibu. Hata angeteremsha kile kioo, hakuwa na haki ya kumwingiza Elvis. Ulijigamba kwa nguvu ambayo waziri mwenyewe hana.

Risasi hukupiga wewe. Lakini siwezi kukwambia uongo wako haukumsukuma, na kwa hilo sina dawa. Kijana alishinda, ukamchukulia ushindi wake, akafa akidhani alibebwa. Yeye huwezi kumwambia tena. Dama waweza.

Jibu hili nakutumia kabla halijachapishwa; ukimaliza kusoma, nenda kwa Dama. Majina nimebadilisha, lakini mama aliyefiwa atajitambua humu, kwa hivyo litangulie gazeti. Usianze na waziri, anza na gari lililokupita. Atakufukuza. Fukuzwa, kisha kesho urudi.

Jumamosi wakikuita, simama mbele ya askari wenzake useme alikimbia mwenyewe na hakuna aliyemwombea, halafu ukae. Waziri akija, au akituma mtu, usimpokee kama mwanao. Muulize Elvis alikufaje, kama ambavyo bibi wa askari yeyote angeuliza.

Na hayo ya kuingia kaburini naye sitaki kuyasikia. Ushindi wake ulishauchukua. Kaburi mwachie.

Shifa