Baba, Nimekula kwa Mama Atupele

Baba,

Kamwene. Sijui kama huko uliko wanakula, na kama wanakula, namhurumia anayewapikia. Utakuwa umeshazunguka nyuma ya jiko lake, mikono mgongoni, unakagua maji ya kuoshea vyombo, na umeshautoa ule mguno wako wa puani uliotufanya sisi watoto tuache kutafuna.

Nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita nilikuwa Mbeya, na nimefanya jambo ambalo ungelichukia. Nimeona ulisikie kwangu kwanza, kabla sijamwambia mama.

Tuliitwa semina ya siku tano, walimu wa darasa la kwanza na la pili. Tukawekwa kwenye ukumbi wenye mapazia mekundu, na saa saba tukafunguliwa chakula cha kupakuliwa kwa foleni. Ungekiona! Basi lilikuwa limetupitisha njia panda ya Rujewa, magunia ya mchele yamejipanga kando ya barabara, halafu tunafika mjini tunalishwa wali wenye ladha ya chaki. Kuku alikuwa amekufa mara mbili, kwanza kwa kisu, kisha kwa mafuta. Mhudumu alivaa glavu nyeupe kama daktari, na kwa glavu hizo hizo akajikuna shingo, akaendelea kutupakulia kachumbari. Walimu wenzangu wakarudia sahani ya pili. Mtu akishaona pazia na kitambaa cha meza, ulimi wake unakwenda likizo.

Siku ya pili nikamwambia Mwalimu Mgaya, ninayefundisha naye kwetu Ipogolo, Iringa, "Twende tukale mtaani."

"Mtaani wapi? Mji wenyewe huu mkubwa, hatumjui mtu."

"Pa kula napajua namna ya kupatafuta. Nilifundishwa."

Ni kweli ulinifundisha. Tangu nikiwa darasa la nne, kila likizo ulinichukua kwenda Mbeya kununua vipuri vya mashine yako ya kusaga. Mama alibaki nyumbani. Tulilala gesti, na mchana tulizunguka mitaani kutafuta pa kula, wewe mbele na kofia yako ya kahawia, mimi nyuma nikikimbia kidogo ili nisikupoteze. Ulikuwa Bwana Afya wa wilaya kule kwetu, na uliyaona majiko kama fundi saa anavyoona saa ya mtu mwingine. "Usisome kibao," ulisema, "kibao hakipiki." Ulinionyesha mafundi wanapoelekea saa saba mchana, maana mtu anayebeba chuma tangu asubuhi hawezi kudanganywa tumbo. Ulinifundisha kumtazama mpishi kama naye anakila anachokipika. Na ulinifundisha kuuliza kimeisha nini. "Mgahawa usioishiwa chakula unapika vya jana."

Basi Mwalimu Mgaya nikamtembeza. Mahali pa kwanza wamechora ukutani baga kubwa kama tairi, ndani wana chipsi tu, na mafuta yake meusi. Mahali pa pili dada mmoja alituambia kila kitu ipo.

"Samaki?"

"Ipo."

"Makande?"

"Ipo."

"Leo hapa kimeisha nini?"

Akanishangaa. "Hakuna kilichoisha, mama. Vyote vipo."

Nikamshika Mwalimu Mgaya mkono tukatoka. Njiani akanitazama pembeni. "We mwalimu una dharau," akasema. "Umeitoa wapi?"

Nilijua nimeitoa wapi, na nilijua pia miguu yangu inakwenda wapi. Ilikuwa inakwenda mtaa wa Soweto.

Unapakumbuka Soweto, Baba. Nilikuwa darasa la sita. Palikuwa na banda la mbao, mabenchi mawili, na mama mmoja mnene aliyejifunga kitenge cha kijani. Wateja walimwita Mama Atupele. Ulizunguka nyuma, ukakagua, ukarudi ukasema, "Hapa panafaa." Kutoka kinywani mwako hiyo ilikuwa kama nishani. Alikuwa amepika mbalaga, zile ndizi zao za Kinyakyusa, zimepikwa na maharage mpaka zimeshikana, zinanukia karanga. Watu walikuwa wamesimama wakisubiri sahani. Wewe ukapita mbele yao wote.

"Subiri kidogo, baba," akasema. "Hawa walitangulia. Mtoto nampa, mtoto hasubiri."

Akanipakulia. Nikakaa kwenye kona ya benchi nikaanza kula. Wewe ukabaki umesimama.

"Unajua unaongea na nani?" ukamuuliza.

"Na mteja," akasema.

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wenye njaa wanavyocheka wakijua chakula kipo karibu. Lakini nilikuona shingo ilivyovimba. Ukaingiza mkono mfukoni ukatoa kitambulisho, ukakiinua juu kama refa.

"Afya! Nani hapa amepimwa? Koti jeupe liko wapi? Kichanja cha vyombo kiko wapi? Hapa pamefungwa."

Kitambulisho kile kilikuwa cha Iringa, Baba. Mbeya hukuwa na mamlaka ya kufunga hata kamba ya kiatu. Ila nani angeuliza? Mama yule aliona picha na muhuri, akapiga magoti. Akasema ana watoto. Akasema atanunua koti. Wewe ukaielekeza sufuria kwa kidole.

"Mwaga."

Mzee mmoja fundi viatu akasema, "Mkuu, basi si tule sisi, tukifa tumekufa." Hukumgeukia. Mama Atupele akaibeba sufuria kubwa yenye moto kwa kanga mbili, akaimwaga kwenye mtaro, na kila mtu akatazama mvuke ukipanda. Mimi nilikuwa bado na sahani mapajani. Nikaiweka chini. Ukainama, ukaniambia kwa sauti ya chini ili watu wasisikie:

"Wewe maliza."

Nikamaliza. Kila tonge. Yule mama ananitazama.

Kesho yake kwenye basi, tukiwa tunatelemka kuelekea bonde la Usangu, nilikuuliza kama nitaumwa tumbo. Ukacheka mpaka kofia ikateleza. "Chakula kilikuwa safi kabisa," ukasema. "Kichwa chake ndicho kichafu." Ukanunua mahindi ya kuchoma dirishani ukanipa. Niliyakataa. Ukayala wewe, yote mawili, na ukalala usingizi mzuri mpaka Ipogolo.

Safari iliyofuata nilisema naumwa kichwa. Na iliyofuata tena. Hukuuliza.

Tulipokuzika, mchungaji alisema ulikuwa mlinzi mwaminifu wa afya za watu. Kwaya ikaitikia. Mimi nilikuwa benchi la mbele na kichwa chini, watu wakidhani nalia. Nilikuwa nakudharau, Baba. Nilikudharau ukiwa ndani ya sanduku, na suti yako nzuri, na mashada. Nikaona aibu, kisha nikaendelea.

Sasa Soweto imebadilika. Palipokuwa na banda pana maduka ya simu na spika inayopiga kelele. Niliuliza wanawake wawili, hawamjui. Wa tatu, muuza parachichi, akasema, "Mama Atupele? Bibi yule? Pita nyuma ya wanaochomelea mageti."

Tulifika saa saba na nusu. Vijana wa mageti walikuwa wamejaa mabenchini na mavumbi yao ya chuma. Anayepika sasa ni Atupele mwenyewe, mwanamke mzima. Mama yake alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, amekonda, miguu imefungwa kanga kwa baridi, anaelekeza kwa fimbo sahani iende kwa nani. Nilimtambua kwa namna asivyomwacha mtu aliyechelewa apite mbele.

Nikachuchumaa mbele yake nikamsalimia kwa Kinyakyusa changu cha kuokoteza. Akacheka, meno matatu. "Wewe si wa huku. Karibu."

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Iringa. Labda tangu darasa la sita.

"Mama, zamani alikuja kwako Bwana Afya mmoja na mtoto wa kike. Akakumwagisha sufuria ya ndizi."

"Bwana Afya?"

"Mrefu. Alikuwa na kofia ya kahawia. Alikuwa baba yangu."

Akaiegemea fimbo yake akanitazama. Nilingoja anitukane, au alie, au anifukuze. Nilikuwa tayari kwa lolote katika hayo.

"Mwanangu," akasema, "hao walikuwa wengi. Mmoja alimwaga uji. Mwingine aliondoka na sufuria pamoja na mfuniko wake. Nitamkumbuka yupi?"

"Yule wa kofia, mama..."

"Wote walikuwa na kofia."

Hakukukumbuka, Baba. Nimekubeba miaka yote hii kama mtu mbaya mkubwa, na kwa uliyemmwagisha chakula chake huna hata sura. Nilidhani nitafurahi. Badala yake nilitaka kukutetea! Nilitaka kumwambia ulikuwa na mwendo wa kuinua mabega, na kwamba uliimba bezi kanisani. Nikajichukia kwa hilo, pale pale nimechuchumaa.

"Alishakufa?" akauliza.

"Alikufa."

"Pole." Alilisema kama unavyomwambia mtu aliyejikwaa.

"Mama, mimi ndiye yule mtoto. Wewe ulikuwa unamwaga, mimi nakula. Nilimaliza sahani."

"Ulimaliza?"

"Yote."

Akanigonga goti kwa fimbo yake, taratibu. "Basi vizuri. Angalau mmoja alishiba." Kisha akageukia ndani. "Atupele! Hawa ni wawili, wako nyuma ya yule wa shati la bluu. Wasikae bila kuosha mikono."

Tulisubiri. Mbalaga iliisha tukiwa wa tatu kutoka mbele, tukapewa ugali na maharage, na majani ya maboga yaliyotiwa karanga. Mwalimu Mgaya alikomba sahani mpaka ikawa nyeupe. Siku zilizobaki hatukurudi tena kwenye mapazia mekundu, na walimu wengine sita walitufuata.

Nakiri kwamba nisingepapata bila wewe. Kila ulichonifundisha kuhusu jiko kilikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi kuliko yote. Ulijua kizuri ukikiona, ulikijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kutembea naye, na bado ulikimwaga kwa sababu watu walicheka.

Mama hajambo, magoti tu. Bado anasema Mbeya hakuna mahali pa maana pa kula, kwa sababu wewe ulimwambia hivyo. Hajawahi kufika, Baba. Miaka arobaini ya ndoa, amepika alichotaka kula Bwana Afya, na siku ambazo Bwana Afya hakuwepo alikula viporo. Juzi nilimuuliza anapenda kula nini hasa. Alifikiri sana, akaniambia ataniambia kesho.

Shule zikifungwa nampeleka. Tutapanda basi la asubuhi, yeye akae dirishani, na tukifika aagize mwenyewe.

Lala, Baba. Huku kwetu tunakula.

Binti yako wa Ipogolo