Gari ya Viti Viwili na Safari ya Mama

Kasongo, Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri. Mvua imekatika lakini jua limegoma kutoka.

Tangazo kwa wakazi wote wa Kasongo, wenye viatu na wasio na viatu: Bwana Saidi wa duka la chumvi na vitambaa, mwenye kitambi na permi ya udereva, hatanunua tena gari jekundu la mzungu wa mgodi. Soko liendelee. Kuku wasitawanyike. Bula Matari, yaani serikali yenyewe, ameshaarifiwa, na amejibu kwamba hamjui Saidi huyo.

Msikitini leo nimepongezwa. Wazee wamenishika mkono mmoja baada ya mwingine. "Umeweka dini mbele, Saidi." Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Nilikuwa naficha uso.

Wewe shajara huna mkono wa kunipa, kwa hiyo nitakueleza yote.

Mzungu huyo alikuwa fundi wa mgodi upande wa Salamabila. Mkataba wake umekwisha, anarudi kwao, na amefikia hapa kwenye jiti, ile nyumba ya wageni wa serikali, akitafuta mtu wa kumwachia gari lake. Ni gari la mashindano, fupi, jekundu, limelala chini kama mjusi anayeota jua. Viti viwili tu. Miaka niliyoendesha kamio, yale malori ya pamba, nilikaa juu kabisa, natikiswa kama gunia. Hili unalivaa kama kanzu. Kwangu mimi lilikuwa kanzu ya mtoto: nilipoingia, usukani ulikaa juu ya kitambi changu, na kila nilipopumua honi ililia.

Nililipenda papo hapo. Nina umri wa kuwa na wajukuu, na nililipenda.

Kwenye kile kidirisha kinachohesabu kilomita niliona namba ndogo ajabu. Nikamsifu mzungu kwa utunzaji. Alicheka mpaka akakohoa, akatema mate karibu na kiatu changu. Namba zilikuwa zimefika mwisho, zikarudi kwenye sifuri, zikaanza safari upya.

"Motere iko muzuri," akasema, akigonga kifuniko cha injini. "Sawa na mimi."

Nikamtazama. Meno ya mbele yamekwenda, miguu imefura kama mihogo iliyolowekwa, na shati lina madoa ambayo sikutaka kujua yametoka wapi. Hata hivyo nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika.

Halafu harufu.

Niseme wazi, kwa kuwa msikitini wanadhani niligundua jana. Niliinusa siku ya kwanza. Mzungu alikuwa mwindaji, na kwa miaka yote aliyokaa huku, nguruwe wa pori alikaa kwenye kiti cha pili zaidi kuliko binadamu yeyote. Damu ilikuwa imekauka chini ya kiti mpaka ikawa kama gome la mti. Nywele ngumu za mnyama zilichomoza kwenye mshono wa ngozi. Nilipopitisha kidole pembeni ya kiti kilirudi na mafuta meusi yenye uzi wa ukungu, na ndani ya mafuta hayo kitu cheupe kilikuwa kinatembea. Nilienda nyuma ya jiti nikatapika chai. Kisha nikarudi kuuliza kama matairi ni mazima.

Kwa nini? Kwa sababu tayari nilikuwa na sababu nzuri, na sababu hiyo ilikuwa mama yangu.

Dada yake mdogo, Mama Tabu, anaumwa huko Kabambare. Wiki ya tatu sasa habari zinakuja, na kila habari ni mbaya kuliko iliyotangulia. Mama ameacha kula vizuri. Hanung'uniki, anauliza tu, "Barabara ya Kabambare iko wazi?" Nami nikasema nyumbani, kwa sauti ya mwana mwema, kwamba gari hili nalinunua ili mama amwone dada yake akiwa hai.

Mke wangu aliacha kupepeta mchele. "Baba Zaina, viti viwili? Na mimi nitakaa wapi, ndani ya motere?"

"Gari ni ya mama."

"Ehe. Na kofia ile mupya uliyonunua ya kuendeshea, nayo ni ya mama?"

Mama alitutazama wote wawili, akasema, "Kama iko gari, nitapanda."

Mzungu akaniruhusu kulijaribu mpaka Wamaza, njia ya Kabambare, na kurudi. "Jaribu. Ukivunja, iko yako." Nikaamua kwamba nikiona linakwenda vizuri, sitageuza Wamaza, nitanyoosha na mama mpaka Kabambare, kisha nirudi kulipa. Nilisugua kiti mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani kuondoa najisi. Halafu nikafanya ujinga ambao mtu wa Kasongo tu anaweza kuufanya: nikachukua chetezo cha mke wangu, nikatia makaa, ubani na udi, nikakiweka chini ya kiti, nikafunga turubai juu, kama tunavyofukiza chumba cha mgeni.

Moto wa chetezo uliyeyusha mafuta yote yaliyokuwa yamelala ndani ya kiti tangu mzungu aanze kuwinda. Nilipofungua turubai nilikutana na nguruwe aliyechomwa, aliyevalishwa udi kwenda harusini. Machozi yalinitoka. Naandika haya na bado naisikia harufu hiyo kooni.

Jana asubuhi mama alitoka amevaa nguo safi, kifurushi mkononi. Nilimwambia kwamba hiyo ni harufu ya ngozi ya Ulaya. Akaingia, akakaa kwenye kiti kile, akafunika pua kwa ncha ya mtandio, akasema, "Twende, mwanangu."

Hatukufika mbali. Barabara zetu zinalimwa na kamio. Magurudumu yao yamechimba mitaro miwili, na katikati pamebaki tuta. Kamio hulipita juu. Gari linalotembea kwa tumbo halilipiti. Tulisikia mkwaruzo, kisha mlio wa bati linalochanwa, kisha tukawa tumekaa juu ya tuta, magurudumu yanazunguka hewani, na nguo ya mama imerukiwa matope. Kichwani yalikuwepo maneno ya mzungu tu: ukivunja, iko yako. Mama yangu mzee ameketi ndani ya uvundo, na mimi nimelala matopeni nachungulia bomba la moshi.

Hapo ndipo ilipofika kamio ya mpunga ya Kalonda. Kalonda ni Mkristo wa vijiji vya hapa pembeni, tuliendesha pamba pamoja zamani. Alishuka, akanusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Saidi, ndugu yangu, ndani ya gari kumekufa nini?"

"Ngozi ya Ulaya," mama akajibu, kabla sijafungua mdomo. Nilimtazama. Hakucheka.

"Mama, munaenda wapi?"

"Kabambare. Mudogo wangu iko mugonjwa."

"Mimi naenda kule. Panda hapa mbele, mama, kiti iko. Wanamuke wengine wako nyuma, hautakuwa peke yako."

Alipomsaidia kupanda, kifurushi kilifunguka. Ndani kulikuwa na nguo nyingine safi na mtandio wa pili, vimekunjwa vizuri. Kalonda akauliza kama mama anakwenda kukaa mwezi mzima.

"Hapana, baba. Hizo ni za kuswalia. Hii niliyovaa nitaifua kule mara saba."

Alisema hivyo bila kunitazama. Alijua tangu nyumbani. Alijua harufu ya nini, akaikalia, kwa kuwa aliamini hakuna njia nyingine ya kumfikia dada yake.

Watu wa shamba la karibu walinisaidia kulinyanyua gari. Bomba lilikuwa limepasuka, si zaidi. Nikalirudisha kwenye jiti, mzungu akachungulia, akasema lilikuwa limepasuka hivyo tangu zamani, akacheka tena. Nikamwambia silitaki. Aliyenikuta njiani akauliza kwa nini, nikamjibu, "Nguruwe." Neno hilo moja lilifika msikitini kabla yangu.

Si nguruwe. Nguruwe nilikuwa nimeshamkubali.

Jana pale kwenye tuta, Kalonda, wakati anawasha motere, alichomoza kichwa dirishani. "Kila Alhamisi napita mbele ya duka yako, Saidi. Ungeniambia tu."

Nilijua. Kila Alhamisi napungiana naye mkono. Mama angekuwa Kabambare tangu wiki ya kwanza, kando ya kitanda cha dada yake, na nguo safi mwilini. Sikumwambia Kalonda, na haikuwa kusahau. Mama akishapanda kamio, gari ya viti viwili ningeinunua kwa sababu gani?